Dramu Zilizonyooshwa

Mume wangu ana kazi mbili: kutengeneza makochi na kutisha watu. Ya kwanza ndiyo inayotulisha. Ya pili aliiacha tulipoanza kuzaa, akairudia juzijuzi tu, mvi zikiwa zimeshamjaa kidevuni. Mtu akiniuliza kama sioni aibu mume mzima kujipaka uso mweupe na kupiga makelele, namjibu kwamba aibu niliifungia kabatini siku niliyoolewa, na ufunguo sijui nimeuweka wapi.

Karakana yetu ina vyumba viwili. Cha mbele tunapokea wateja, cha nyuma ndiko kazi yenyewe. Yeye anaunda fremu, anavuta mikanda, anafunga springi na kupanga sponji. Mimi napima kitambaa, nakata, nashona kwa cherehani. Mteja akileta kochi lililobonyea, mume wangu hulikalia kwanza, akafumba macho, akagongagonga mkono wa kochi kwa vidole, halafu ndipo anataja ugonjwa. Hakosei, na anajua kwamba hakosei. Hilo ndilo lililonifanya nimpende, na ndilo linalonikera mpaka leo.

Bendi yao inaitwa Giza Totoro, na humo mume wangu anaitwa Kishindo. Anapiga dramu. Kwa wasioujua muziki wao, ni roki ya chuma, tena ile ya ukoo mweusi, wenyewe wanaiita metali nyeusi. Gitaa halibembelezi, linakwaruza. Dramu zinakwenda mbio kama mvua ya mawe juu ya bati. Mwimbaji haimbi maneno, anayatapika, na maneno yenyewe ni makaburi, baridi na mwisho wa dunia. Mara ya kwanza nilipousikia nilidhani redio imeharibika. Mara ya pili nililia, wala sikujua nalia nini, nikasema basi, huu muziki una kitu.

Kiongozi wao ni mpiga gitaa, wanamwita Jivu. Mchana ni mwalimu wa udereva, mtu aliyezoea kukaa kiti cha pembeni na kukanyaga breki ya mwenzake, na tabia hiyo anatembea nayo hata akishuka garini. Besi anapiga mdogo wake, Kimya, ambaye jina limemkaa sawasawa; nimemjua miaka yote hii na maneno yake yanatosha kiganjani. Mwimbaji ni wifi yangu, dada yake mume wangu, anaitwa Bundi. Ni nesi wa chanjo. Asubuhi utamsikia, "Pole mwanangu, kidogo tu, tumemaliza," kwa sauti ya asali. Jioni akifungua kinywa mazoezini, mbwa wa mtaa mzima wanaingia uvunguni.

Ujanani walitoa kanda moja na albamu moja, kisha maisha yakawashika shati. Huyu kapata watoto, yule kapata ajira, mwingine kauguza mama. Hawakugombana. Walisema tutapumzika kidogo, na hicho kidogo kikaota ndevu.

Basi siku moja Jivu akaingia karakana uso unang'aa kama sahani iliyooshwa. Akasema huko nje vijana wanaisikiliza ile albamu ya zamani, wanapeana kwa siri kama watu wanaopeana dawa ya mapenzi, na kampuni moja ndogo ya muziki inataka mpya.

"Shemeji," akaniambia, "nimekuja kumwomba mume wako."

"Mchukue. Ila umrudishe na viungo vyake vyote, maana goti moja tayari lina kesi."

Nilikuwa sitanii. Goti lake la kulia liliumia siku kabati lilipomwangukia ngazini kwa mteja, na mguu wa kulia ndio unaokanyaga pedali ya dramu kubwa. Jivu akalitazama lile goti kwa jicho la mwalimu anayemtazama mwanafunzi aliyefeli jana. Mume wangu akacheka, akasema, "Goti ni langu, nitaongea nalo."

Na kweli aliongea nalo. Akaenda kwa daktari wa viungo, akapewa mazoezi, akayafanya kila asubuhi huku anahema kama anasukuma lori. Jumapili ikifika tulisukuma makochi yote ukutani, dramu zikawekwa katikati ya chumba cha nyuma, nao wakaanza. Mimi nilibaki na kazi zangu pembeni. Nitafanyaje, kitambaa hakijishoni.

Jirani yetu msusi alikuja mbio Jumapili ya kwanza, kitana mkononi.

"Jirani, nani anachinjwa?"

"Hakuna. Ni wifi yangu anaimba."

"Anaimba akiwa na nini?"

"Akiwa na furaha."

Akasimama mlangoni akasikiliza wimbo mzima. Wiki iliyofuata alileta na kiti chake.

Miezi ilivyokwenda nikajikuta nashona kwa mwendo wa mume wangu. Mguu wangu kwenye cherehani ulijua nyimbo kabla ya kichwa. Ana kitu kimoja ambacho sijakisikia kwa mpigaji mwingine: kabla wimbo haujageuka, anachelewa, kidogo sana, kama mtu aliyeshika kitasa cha mlango akasita, halafu ndiyo anaingia kwa nguvu. Hapo panakupiga tumboni. Wifi ananiambia yeye huvuta pumzi hapohapo, kwenye kile kisito, na kwamba bila kaka yake asingejua aanzie wapi kulia. Ilikuwa hivyo tangu wangali vijana. Ndiyo Giza Totoro yenyewe, hiyo.

Walipokwenda studio nilifunga duka nikawafuata, kwani nikose mimi? Fundi wa sauti alikuwa mtu muungwana, mwenye miwani na masharubu yaliyochanwa, amezoea kurekodi kwaya na matangazo ya sabuni. Walipoanza tu akawasimamisha.

"Samahani. Kuna waya mbovu mahali. Nasikia mkwaruzo."

Jivu akamwonyesha gitaa lake. "Huo mkwaruzo ni mimi."

Tulicheka mpaka Kimya akacheka kwa sauti, jambo ambalo lingestahili kurekodiwa peke yake. Baada ya hapo kazi ikaenda vizuri. Kila mmoja alirekodi zamu yake, chumba chake, hedifoni masikioni. Mume wangu akamaliza zake akatoka ameloa jasho, anatabasamu kama bwana harusi. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa anapiga dashibodi ya gari kwa vidole.

Halafu Jivu akaja sebuleni kwetu na albamu iliyokamilika. Wote tulikuwepo. Nikaweka spika juu ya kabati, nikawapa watu vinywaji, tukakaa. Wimbo wa kwanza ukaanza, na Jivu akawa anatutazama mmoja mmoja usoni. Ulikuwa safi. Ulikuwa na nguvu. Lakini mguu wangu, ambao bila kujua ulikuwa unakanyaga cherehani hewani, ukajikwaa. Nikaurudisha kwenye mwendo, ukajikwaa tena. Nikadhani ni uchovu.

Wimbo wa pili ulipofika katikati mume wangu akainua mkono. Jivu akazima.

"Huyu ni nani?" mume wangu akauliza.

"Nani yupi?"

"Anayepiga dramu."

"Si wewe!"

"Mimi najijua. Huyu simjui."

Jivu akakohoa, akasema fundi amezinyoosha dramu kidogo kwenye kompyuta. Kila pigo limewekwa mahali pake kamili, yaliyokuwa dhaifu yametiwa nguvu, yaliyochelewa yamewahishwa. Akasema siku hizi kila mtu ananyoosha, hata hao vijana wenyewe.

"Shemeji," nikamwambia, "umemnyoosha mume wangu kama shati?"

"Ni goti, shemeji! Mnataka nifanye nini? Wimbo wa mwisho ni mrefu na ni wa mbio, ulikuwa unayumba. Watu wamengoja miaka yote hii, tuwape wazee waliochoka? Watatucheka."

Mume wangu hakupandisha sauti. Huwa hapandishi, mimi ndiye mwenye idara hiyo. "Kama nimeyumba, niambie uso kwa uso nikae pembeni, utafute mwingine. Usinitoe kwenye kiti changu halafu ukaweka sanamu na kuiita kwa jina langu. Hii ndiyo albamu yetu ya mwisho, Jivu, na wewe unajua. Nyingine umri hautatupa. Ikitoka hivi, mimi simo. Nitakuwa mtu aliyepiga dramu zamani, basi."

Mtu huyu nimeishi naye, nimezika naye wazazi, na sikuwahi kumwona anaomba kitu. Ile haikuwa mbali na kuomba. Nikasikia hasira inanipanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Sikiliza wewe mwalimu wa breki," nikaanza, na ningemaliza vizuri sana kama wifi hangeingilia.

"Nyamazeni wote," akasema kwa sauti ileile ya watoto wachanga, ambayo inatisha kuliko ya jukwaani. "Hata mimi nimesikia. Sauti yangu imekaa juu ya zile dramu kama kofia ya kuazima. Tufanye hivi. Jumapili fundi alete maiki karakana. Tupige albamu nzima kwa pamoja, chumba kimoja, toka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna kurudia, hakuna kukata, hakuna kunyoosha. Tukifika mwisho, ndiyo itakayotoka."

"Na mtu akisimama katikati?" Jivu akauliza.

"Akisimama yeyote, inatoka yako."

"Nimekubali," akasema mume wangu kabla hata neno halijatua.

Jivu akatazama mikono yake, akakubali naye. Kimya akaitikia kwa kichwa.

Walipoondoka nilimgeukia. "Una wazimu? Albamu nzima, bila kupumzika, na goti hilo?"

"Ng'ombe hazeeki maini, mama."

"Maini sawa. Sikuuliza maini, nimeuliza magoti!"

Akacheka, akanishika bega, akaniambia nisihofu, wimbo wa mwisho anaujua mpaka kwenye mifupa na mguu umepona. Alikuwa na hakika. Na mimi, kwa jinsi alivyokuwa na hakika, nikawa na hakika pia, ingawa sikumwambia, maana kichwa chake ni kikubwa tayari.

Jumapili asubuhi tukasukuma makochi. Fundi akaja na maiki na nyaya, akashangaa jinsi chumba kilivyokaa vizuri kwa sauti kwa sababu ya sponji zilizorundikwa kila ukuta. Nilizima feni, maana maiki zilikuwa zinaisikia, na joto likaingia likakaa nasi kama mgeni asiyeaga. Mimi nilikaa juu ya robota la sponji nyuma ya dramu, mahali ambapo naweza kuuona ule mguu. Nilikuwa nimejiambia: sitaondoa macho.

Wakaanza. Ee, jamani! Niliwasikia mazoezini mara nyingi, lakini siku ile walipiga kama watu wanaodaiwa na ujana wao. Kile kisito cha mume wangu kilikuwa palepale, kila kona, na wifi anavuta pumzi ndani yake kisha anapasuka. Nyimbo zikafuatana. Kati ya wimbo na wimbo walipumua tu. Niliona Jivu anajisugua vidole vya mkono wa kushoto kwenye suruali, nikadhani ni jasho. Mguu wa mume wangu ulikuwa unakanyaga pedali vizuri, imara, kama mashine yangu nikiwa nimeitia mafuta.

Ukaja wa mwisho, ule wa mbio.

Walipofika nusu nilianza kutabasamu. Mguu haukuyumba. Nimeukodolea macho tangu mwanzo, na nitaapa mahali popote: haukuyumba. Halafu nikaona mume wangu ameinua uso anamtazama Jivu. Alimtazama kwa muda mrefu, bila kuacha kupiga, kama anavyofumba macho juu ya kochi la mteja. Kikafika kile kisito. Akasita. Akasita zaidi. Na alipoangusha fimbo, aliziangusha taratibu.

Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye soksi. Nikasema basi, imekwisha, ndivyo inavyokwisha. Wimbo wa mbio ukawa unakwenda kwa hatua za mtu anayebeba jeneza. Jivu akageuka, macho yamemtoka. Kimya hakugeuka, besi yake ilishaungana na ule mwendo, mzito, unaotikisa vioo vya madirisha. Na wifi, ambaye pumzi alikuwa ameshaivuta, hakuwa na pa kuirudisha. Akaiachia. Kilio kile kilikuwa kirefu, kirefu, kimeshuka polepole juu ya zile dramu, na ndani yake nilimsikia mama mkwe wangu marehemu, na vijana waliokuwa zamani, na watoto wetu walioondoka nyumbani. Jivu akainamia gitaa lake, akauingia ule mwendo mpya, noti moja moja, kila moja inakwaruza na kubaki hewani. Wakaenda hivyo mpaka mwisho. Hakuna aliyesimama.

Toazi likalia, likafifia. Fundi akavua hedifoni na kufuta miwani, ingawa miwani haikuwa na kitu.

"Sasa hii ya mwisho," akauliza, "tuiache hivyohivyo?"

Jivu alikuwa anahema. Akamtazama mume wangu. "Goti?"

Mume wangu akachukua taulo, akajifuta uso. "Goti," akasema.

"Goti gani?" nikaropoka. "Mimi nimekaa hapa..." Akanikata jicho. Si la hasira. La kuniomba. Nikafunga mdomo, mimi ambaye kufunga mdomo sikufundishwa na mtu.

"Hakuna aliyesimama," wifi akasema, sauti imemkauka. "Na mimi sijawahi kulia vile maishani mwangu."

"Makubaliano ni makubaliano," Jivu akamwambia fundi. "Chukua hii. Ile nyingine ifute."

Fundi akakusanya nyaya zake akaenda. Wifi na Kimya wakaondoka. Nilitarajia Jivu naye aende, lakini akabaki, akasema atasaidia kurudisha makochi. Wakaanza na lile la watu watatu, zito kuliko yote. Mume wangu akashika upande mmoja akainua bila kuguna, amepiga magoti yote mawili chini na kusimama nalo kama kijana. Jivu akashika upande wa pili, na lilipofika kiunoni mkono wake wa kushoto ukafunguka wenyewe. Kochi likaanguka.

Jivu akasimama anautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Goti lako ni zima," akasema.

"Zima."

"Vinakufa ganzi, vidole hivi. Tangu mwaka jana. Hata gitaa langu fundi alilinyoosha, lote, na sikuwaambia. Nikakusingizia wewe." Akajaribu kuvikunja. "Leo ungeendelea na ule mwendo, ningesimama."

"Nilikusikia unazama."

"Ungeniacha nizame! Ungeshinda! Sasa watasema Kishindo amezeeka, wimbo umemshinda."

"Waseme. Ni mimi ninayepiga."

Jivu akaanza kulia, mtu mzima, mabega yanatikisika. Na mimi nililia, sikujificha, nikachukua kipande cha kitambaa cha mteja nikapengea kamasi, mteja atanisamehe. Mume wangu akangoja mpaka mwenzake akatulia. Halafu akazunguka kochi, akamshika ule mkono wa kushoto, akaukunja kwenye kiwiko, akampitishia chini ya fremu.

"Usishike kwa vidole," akamwambia. "Beba kwa mkono mzima, hivi. Uko tayari?"

Jivu akaitikia kwa kichwa, wakaliinua.